Jini la Kupakua Mechi

Bibi yangu aliniuliza swali ambalo hakuna mwalimu wa kompyuta aliyewahi kuniuliza. Tulikuwa barazani kwake Mwabungo, mimi na laptopu mapajani, yeye na ukili mkononi, nikijaribu kumweleza kwa nini mashine yangu nyingine inalala ikiwaka bandani kwa mjomba.

"Ni programu, bibi. Haionekani. Saa yake ikifika inaamka yenyewe, inakwenda Ulaya, inachukua habari za mpira, inarudi nazo, inalala tena."

Hakuacha kusuka. Alivuta ukindu, akaukaza, kisha akasema, "Basi hilo ni jini la kufugwa. Linakula nini?"

"Bando tu, bibi."

"Majini hayaridhiki na chakula kimoja," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilicheka, lakini hakuwa mbali na ukweli. Programu ya aina hii, inayofanya kazi nyuma ya pazia bila mtu kuigusa, wenyewe wanaiita demoni. Jina lilianzia kwa watu wa mradi mmoja pale MIT, Marekani, mwaka 1963. Walilitoa kwa mwanafizikia James Clerk Maxwell, aliyewaza kijini kinachokaa mlangoni kikichambua chembe zinazokwenda mbio na zinazojivuta, mchana na usiku, bila kuchoka. Wazungu wa maabara na bibi wa Mwabungo walifika mahali pamoja. Tofauti ni kwamba bibi ndiye aliyeuliza kuhusu chakula.

*

Kama hujafika kwetu, panda matatu Ukunda inayoelekea Msambweni na usilale. Ukilala utapitiliza. Mwabungo ni minazi, mikorosho, msikiti, maduka machache, na njia za mchanga zinazoteremka kuelekea baharini. Hoteli za Diani ziko karibu kiasi kwamba nusu ya vijana wamewahi kufanya kazi huko, na mbali kiasi kwamba hakuna mgeni anayekuja kwetu kwa bahati mbaya. Jirani yetu ni Kinondo, yenye ile kaya ambayo pamoja na kaya nyingine za Mijikenda iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Banda la mjomba halimo kwenye orodha yoyote. Ni paa la makuti, mabenchi kumi na mawili, televisheni kubwa, na ubao mweusi mlangoni. Mechi ya kawaida shilingi 30, mechi kubwa 50. Kwetu Wadigo mjomba ana uzito wake tangu zamani, enzi za mirathi kupitia upande wa mama, na hata leo mjomba akikwambia jambo huulizi mara mbili. Kwa hiyo aliposema, Agosti 2025, "Wewe si umesomea kompyuta? Nitolee aibu ya ubao," nilijua nimepata kazi isiyolipwa.

Aibu yenyewe ilikuwa hii: ratiba aliandika kwa chaki kwa kusikiliza redio na kuuliza wateja, na kila wiki kulikuwa na kosa. Watu walikuja kuangalia mechi iliyochezwa jana.

Nilikuwa na laptopu ya mtumba yenye betri iliyokufa. Niliiwekea Linux, nikaiweka chini ya meza ya mjomba mbali na soda zinazomwagika, nikaiunganisha na skrini ya zamani ukutani. Ratiba ningeitoa kwenye faili moja la bure la Uingereza, matokeo kwenye API ya bure. Ukisema hivyo inasikika kama kazi ya dakika ishirini. Ilinichukua wiki mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa la lugha. Kwenye kroni, ile saa ya kengele ya Linux, unaandika dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki. Nilitaka ratiba ipakuliwe Ijumaa saa mbili usiku. Basi nikaandika 2 mahali pa saa, kama mtoto wa Mwabungo anayehesabu saa kuanzia jua kuchomoza. Jini likaamka saa nane za usiku wa kuamkia Ijumaa, likakuta faili jipya halijawekwa, likaleta ratiba ya wiki iliyopita. Kompyuta haijui Kiswahili. Saa mbili yetu yenyewe inaiita 20.

Kosa la pili lilikuwa pupa. Niliiambia programu iulize matokeo kila sekunde, manake nilitaka bao likifungwa London lionekane kwetu papo hapo. Ile API inaruhusu maombi 10 kwa dakika. Ukizidisha inakujibu namba 429, maana yake umeuliza mno, hebu tulia. Jioni nzima skrini ilionyesha 429, na mzee mmoja akauliza hiyo ni timu gani.

La tatu lilikuwa umeme. Umeme ukipotea Ijumaa jioni, kroni hailipi deni. Saa ikipita imepita. Nikahamia taima za systemd, ambazo ukiziwekea mstari mmoja wa Persistent=true, mashine ikiwaka tena zinaangalia nyuma: kuna kazi iliyonipita? Kama ipo, zinaifanya hapo hapo. Nilikuja kuupenda ule mstari. Ningependa watu wawe nao.

Mwisho wa Agosti skrini ilikuwa inafanya kazi. Mjomba aliukalia ule ubao wa chaki akipigia watu hadithi.

*

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nimekuwa nikiizunguka.

Lile faili la ratiba lina safu nyingi. Za mwanzo ni za mpira: tarehe, saa, timu ya nyumbani, timu ya ugenini. Zinazofuata, nyingi kuliko zote, si za mpira. Ni odi, namba za kamari, safu kwa safu, kila kampuni na herufi zake. Ukitaka mpira wa bure, unabebeshwa na kamari. Haikufichwa, wala si kosa la aliyelitengeneza. Ndivyo soko la data za michezo lilivyo: anayelipia sehemu kubwa ya hesabu hizi ni yule anayetaka kuzibetia.

Mwanzoni niliziacha pembeni. Siku moja mjomba alinikuta nimefungua faili zima.

"Hizi za mwisho ni nini?"

"Odi, mjomba."

"Ziweke ukutani."

Nikaziweka. Kuongeza safu tatu kwenye skrini ni kazi ya mistari minne. Sikuuliza kitu.

Jumamosi iliyofuata banda lilijaa saa mbili kabla ya mechi. Vijana walisimama mbele ya skrini, simu mkononi, wakilinganisha. Mjomba akauza soda na mihogo kama siku ya Idi. Nami nikajisikia mtu. Unajua vile inavyokuwa kijijini ukiwa na diploma na huna kazi? Kila mtu anakuuliza, "Sasa, umepata?" Kwa mara ya kwanza swali lilikuwa lingine: "Mtaalamu, programu yako inasemaje?"

"Haisemi kitu," nilikuwa nikijibu. "Inapakua tu."

Niliipenda ile sentensi. Ilinifanya nionekane mnyenyekevu, na ikaninawisha mikono kwa wakati mmoja.

Aliyeuliza zaidi ya wote ni binamu yangu, mtoto wa huyo huyo mjomba. Alikuwa kibarua kwenye mgodi wa titani mpaka uchimbaji uliposimama Desemba 2024. Baadaye akachukua bodaboda kwa mkopo, analipa kidogo kidogo kila siku. Binamu ana akili kuliko mimi. Aligundua jambo ambalo mimi niliyeandika programu sikulitilia maanani: odi za ukutani hazikuwa sawa na za kwenye simu.

"Ona hapa," alinionyesha. "Simu inanipa 2.10. Wewe unasema 1.85. Manake wale wa Uingereza wanajua huyu anashinda, hawa wa huku hawajajua bado. Hapo ndipo kuna pesa, bro."

Maelezo ya kweli yalikuwa mepesi. Odi zangu zilikuwa za kampuni nyingine, za nchi nyingine, na zilipakuliwa Ijumaa usiku. Jumamosi mchana zilikuwa tayari ni samaki wa jana. Tofauti aliyoiona haikuwa siri, ilikuwa uchakavu tu. Nilimweleza? Nilimweleza nusu. Nilisema, "Zinabadilika, hizo." Sikusema, "Usiweke pesa juu ya kitu changu." Kusema hivyo kungeniondolea ile "mtaalamu".

Na hesabu nilikuwa nayo. Nilishaifanya usiku mmoja kwa kujifurahisha. Chukua mechi moja yenye odi 1.85 kwa nyumbani, 3.60 kwa sare, 4.20 kwa ugenini. Gawa 1 kwa kila namba, kisha jumlisha. Kamari ingekuwa ya haki ungepata 1 kamili. Unapata 1.056. Hicho kipande cha ziada ni cha mwenye duka: kila shilingi 100 unayoweka, inayotarajiwa kurudi ni kama 95. Mechi moja inavumilika. Lakini vijana wetu hawabeti mechi moja, wanapanga mkeka wa mechi kumi, na makato yanazidishana mara kumi. Kama kila mechi ina makato hayo, ile 100 inabaki na thamani ya kama 58 hata kabla mpira haujaanza. Niliiandika kwenye daftari, nikaona nina akili, nikafunga daftari.

Neno mkeka lenyewe lilituletea kicheko nyumbani. Jioni moja binamu alipita kwa bibi amenuna. Bibi akauliza ana nini, nami nikajibu kwa niaba yake, "Mkeka umechanika, bibi." Bibi akainua macho. "Upi? Ulete niushone." Tulicheka mpaka machozi. Bibi hakuelewa tunacheka nini, naye akacheka. Nikiikumbuka leo, naona kwamba kati ya sisi watatu ni yeye peke yake aliyependekeza jambo la maana.

*

Jumapili ya tarehe 26 Oktoba 2025, Waingereza walirudisha saa zao nyuma. Hufanya hivyo kila mwaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na huzisogeza tena mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna haja hiyo, jua letu halitusumbui. Saa za ratiba kwenye lile faili ni za Uingereza. Mwezi Agosti nilikuwa nimeangalia tofauti, nikakuta ni saa mbili, nikaandika kwenye programu: ongeza 2. Uvivu wa kawaida. Kuanzia tarehe 26 tofauti ikawa saa tatu, na jini langu likaendelea kuongeza 2 kwa uaminifu wote.

Jumamosi, Novemba mosi, skrini ilisema mechi za alasiri za Uingereza zinaanza saa kumi na moja. Watu walilipa, wakakaa. Saa kumi na moja ikafika, televisheni inaonyesha wachambuzi wanaongea. Robo saa, bado wanaongea. Mechi zilianza saa kumi na mbili, na kabla ya mapumziko adhana ya Magharibi ikaadhiniwa. Mjomba akazima sauti kama kawaida yake, nusu ya watu wakaenda msikitini wakinung'unika, na mimi nikachekwa siku nzima. Niliichukulia kama aibu ndogo. Nikabadilisha 2 kuwa 3, nikasahau.

Sikujua kilichotokea ndani ya ile saa moja.

Nilijua wiki mbili baadaye, nilipomwona binamu barabarani akitembea kwa miguu jua la saa saba, helmeti mkononi. Helmeti bila pikipiki. Nilimpita, nikarudi.

"Boda iko wapi?"

"Wenyewe wameichukua."

Tulikaa chini ya mkorosho. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alieleza kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Kwa wiki kadhaa alikuwa akipanga mikeka kwa ile tofauti ya namba, akishinda kidogo, akipoteza zaidi, akichelewesha malipo. Jumamosi ile alikuja bandani na pesa ya wiki nzima mfukoni, amekusudia kuilipa jioni, mara tu mechi zikiisha. Mechi hazikuanza. Amekaa na simu, hana la kufanya. Akafungua ule mchezo wa ndege inayopaa, unatoa pesa kabla haijapotea. Aliipoteza yote kabla ya saa kumi na mbili.

Nilitaka kusema kitu. Nilianza, "Ile saa, ni mimi niliye..."

"Aah, wewe huna kosa," akanikata. "Wewe ulikuwa unapakua tu."

Alisema kwa upole, ananituliza. Nilitamani angenitukana.

*

Najua ubishi uliopo, manake nimebishana nao mwenyewe usiku kucha. Binamu ni mtu mzima. Simu ni yake. Hata bila skrini yangu angebeti. Nchi nzima inabeti: mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, Agosti 2025 rais akatia sahihi sheria mpya ya kamari kuchukua nafasi ya ile ya 1966, na bado vijana wako na simu mkononi. Yote kweli. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa na mimi. Mistari minne ya odi niliiandika mimi. Ile 2 niliiandika mimi. Katika hadithi kubwa sina ukubwa wowote, ila sehemu yangu ina jina langu juu ya faili.

Usiku ule nilikwenda bandani na tochi. Kwanza nilifuta ile 3, nikaandika inavyopaswa: soma saa kama ya Europe/London, igeuze kuwa ya Africa/Nairobi. Mashine ina jedwali la mabadiliko ya saa ndani yake, haikuhitaji kubahatisha kwangu. Kisha nikafuta zile safu. Nilizifuta kwenye skrini, halafu kwenye programu yenyewe, ili faili likifika odi zitupwe kabla ya kuhifadhiwa.

Asubuhi mjomba aliona.

"Mbona namba hazipo?"

"Nimezitoa, mjomba."

"Unataka kuniulia banda?"

Sikuwahi kumjibu mjomba vibaya maishani. Nilisema, kwa sauti iliyotetemeka, kwamba akizitaka nitamrudishia laptopu na atafute mtu mwingine. Hakunijibu. Jioni tulikutana kwa bibi, ambaye ni mama yake, na mambo ya boda yalikuwa yameshafika huko. Bibi hakuhutubia mtu. Alimwangalia mwanawe, akaniangalia mimi, akasema, "Niliuliza linakula nini. Hakuna aliyenijibu."

Mjomba alikaa kimya mpaka chai ikapoa. "Ziache zilivyo," akasema hatimaye. Maana yake: zisirudi.

*

Ningependa kuwaambia kwamba binamu ameacha. Sijui kama ameacha, na sitaki kumsemea. Anaendesha tuktuk ya mtu, Ukunda na kurudi, na deni la bibi analipa kidogo kidogo. Ile hesabu ya 58 nilimwonyesha hatimaye, kwenye daftari lile lile. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Ulikuwa nayo tangu lini?" Nilimwambia ukweli, Septemba. Akafunga daftari, akanirudishia, na kwa siku nne hakuongea na mimi. Ilikuwa haki yake.

Banda halikufa. Wiki mbili za kwanza lilipwaya, kisha mpira ukawarudisha watu. Wanaobeti wanabeti kwenye simu zao. Angalau ukuta wetu hauwasaidii.

Kisha, Jumamosi moja ya Desemba, nilipata ujumbe wa binamu. Vijana wa Mwabungo walikuwa wamecheza na wa kijiji cha jirani kwenye uwanja wa mchanga, naye alikuwa mshika kibendera. *2-1. Sisi. Weka kwenye skrini.*

Hakuna API ya uwanja wetu. Nikafungua faili kwa mkono, nikaandika tarehe, saa, timu ya nyumbani, timu ya ugenini, 2, 1. Usiku saa mbili, 20 kwa lugha yake, jini likaamka, likakuta mstari mmoja usiotoka Ulaya, likaupokea kama mwingine wowote. Mwabungo ikakaa ukutani chini ya timu za London na Liverpool, herufi zile zile, ukubwa ule ule.

Binamu alipita na tuktuk, akasimama mlangoni bila kuzima injini, akasoma mara mbili.

"Dakika za mabao hujaweka," akasema.

"Hukuniambia."

"Ya 14 na ya 70. Yao ya 88, lakini ilikuwa ofsaidi, niliinua kibendera refa hakuona. Andika hivyo."

Nikaandika hivyo.